Mwalimu Aliyemsafisha Mama

Nilijiunga na darasa lake ili nimpeleleze, wacha niseme mapema. Sanaa sikuwa na haja nayo. Wiki nzima isipokuwa Ijumaa nilikuwa nasimama lindo nje ya duka la vipodozi ndani ya mall, sare imepigwa pasi, redio kiunoni, na mbele yangu bango la uso wa mwanamke mrefu kuliko mlango. Hana chunusi, hana kovu, hana hata kitundu cha ngozi, na anakutazama wewe tu. Ukishinda na uso kama ule zamu nzima, hutafuti mwingine siku ya mapumziko. Mimi nilikwenda kwa sababu mtu yule alikuwa na uso wa mama yangu, au nilidhani anao, na nilikuwa nimeapa sitatoka Doha bila kuurudisha.

Tulimwita Mwalimu. Wengine walisema kweli alifundisha sekondari fulani karibu na ziwa, wengine wakasema hajawahi kushika chaki, jina alijipa mwenyewe akiwa kwenye ndege. Mimi sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilichojua ni kazi yake. Alikuwa fundi kwenye studio ya picha huko Najma, kichochoro cha nyuma ya mafundi cherehani, duka la Mhindi mmoja wa Kerala. Watu walikwenda pale kwa picha za kitambulisho, za pasipoti, na zile za kutuma nyumbani. Mhindi alipiga, Mwalimu akasafisha.

Ni kwenye neno hilo mambo yangu yalipoharibikia, kwa hivyo acha nilieleze. Kwetu, tangu zamani za filamu, ukitaka picha itoke kwenye karatasi unasema nisafishie. Unapeleka filamu ikasafishwe. Mama alisema hivyo na mimi nimekua nikisema hivyo, hata baada ya filamu kuisha duniani. Basi nilipompelekea Mwalimu picha ya mama nilimwambia, "Nisafishie hii, kubwa, ya kuweka ukutani." Nilitaka nakala. Mama alikuwa amezikwa juzi tu, na mimi ruhusa ya kusafiri nilikuwa nimenyimwa. Picha yenyewe ilikuwa ya karatasi, ya pekee, kwa sababu mama alikuwa akiona kamera anaingia jikoni. Hata kwenye simu ya video alikuwa anaiweka simu sikioni. Miaka yote hii niliyokaa Qatar nimeongea na sikio lake.

Mwalimu alinisikia anavyosikia yeye. Aliichukua picha ile ile ya karatasi, akaiweka chini ya taa, akatoa wembe wake na wino na brashi nyembamba, vitu alivyoringa navyo kwamba siku hizi hakuna anayejua kuvishika, akamsafisha mama. Nilipoirudia aliifunua kutoka kwenye karatasi laini, pole pole, anatabasamu. Mikunjo ya shingo imefutika. Kovu la shavuni limefutika kabisa.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Si ni mama yako? Umesema nimsafishe."

"Nilisema unisafishie."

"Ndiyo. Nimekusafishia."

Alikuwa bado ananitazama akingoja asante. Nikamuuliza kama alitoa kopi kabla ya kuigusa. Akasema hapana. Nikamwambia fundi gani anaingiza wembe kwenye picha ya mtu bila kopi. Akasema mwenye duka hataki picha za wanawake zibaki kwenye kompyuta, kulishawahi kuwa na maneno. Jibu lilitoka haraka mno. Studio gani hiyo isiyobaki na picha ya mtu? Hapo ndipo nilianza kumshuku, na sikuacha.

Kovu lile mama alilipata kabla sijazaliwa, panga lilimponyoka akikata majani ya napia ya ng'ombe. Mtoto mwingine hulala na kitambaa mkononi. Mimi nililala nikilisugua kwa kidole gumba, mpaka mama akawa ananiambia nitalimaliza. Bila kovu, yule kwenye picha alikuwa mwanamke wa kanisani asiyenijua. Nilimpigia kaka yangu, akasema picha alizonazo ni za matanga, na humo mama ni jeneza lililofungwa. Basi. Kama uso wa mama ulibaki mahali, ulibaki kwa mtu yule wa Najma.

Na hapo Sanyu, Mganda tuliyekuwa tunalala chumba kimoja kule Al Rayyan, anafanya usafi hotelini na anajua habari za kila mtu, akaniletea mpya. "Huyo mzee wako," akasema, "ana chumba juu ya duka. Ijumaa anaita watu. Kuta zimejaa nyuso za wanawake."

"Nyuso za nani?"

"Mimi najua? Wanakaa wanazikata na makasi."

Ijumaa iliyofuata nilikuwa pale kabla hajafungua mlango.

Kuta zilikuwa zimejaa kweli. Midomo mikubwa kuliko sahani, macho yaliyobandikwa kwenye paji, vichwa vya wanawake warembo juu ya miili ya friji na pasi na birika. Nilizikagua zote ninavyokagua mikoba mlangoni, kona kwa kona. Mama hakuwepo. Zote zilikatwa kwenye magazeti ya mitindo na karatasi za matangazo zinazotupwa nje ya supermarket. Wanafunzi walikuwa dereva mmoja, binti wa uuguzi, na wafanyakazi wa nyumbani waliobahatika kupewa mapumziko ya Ijumaa. Mwalimu alisimama mbele amevaa tai. Nani huvaa tai Ijumaa, chumbani, kwenye joto lile? Hilo nalo nililiandika kichwani.

Alichofundisha kilikuwa kitu kimoja tu, kila wiki kwa njia nyingine. Baada ya ile vita kubwa ya dunia, alisema, viwanda vilikuwa na vitu vya kuuza, vikatengeneza mwanamke wa kuviuza. Kiuno hiki, meno haya, anacheka na sabuni, anacheka na friji, hajawahi kuumwa mgongo. Akabandikwa kila ukuta wa kila mji. Na wasanii wa wakati ule, huko Ulaya na Amerika, wakaanza kumjibu. Mmoja akakata kinywa kwenye tangazo la sigara, akakibandika kwenye turubai, halafu akamchora mwanamke kukizunguka, rangi nzito, macho makubwa, meno ya kutisha. Mwingine akachukua uso wa nyota wa sinema akaurudia na kuurudia mpaka ukawa hauna maana tena. Wengine walibandua mabango ukutani, wakayachana, wakayaita picha. Na wako wanawake waliochora mwanamke ambaye kichwa chake ni nyumba, au waliofinyanga wanawake wanene wa rangi kali, wanacheza, hawajali. Majina aliyataja, lakini yalinipita. Mimi nilikuwa naangalia droo ya meza yake.

Kisha alirudi kwetu. Alisema nyumbani pia tulijibu. Miaka ile ile, kwenye studio za miji yetu, mwanamke aliona kopo la krimu lenye uso mweupe, akaenda kwa mpiga picha akasimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi za jumba. Akashika mkoba wa studio, akavaa saa ya studio, akakataa kucheka. "Angalieni jinsi anavyokataa kucheka," alikuwa anasema. "Huyo ndiye msanii. Mpiga picha ni mkono tu."

Ukianza kukata picha ya gazeti haraka haraka, alikuwa anasema bila kugeuka, "Polepole. Huyo ana shingo." Tulimcheka kwa hilo. Binti wa uuguzi alikuwa akimwigiza kwenye ngazi, sauti ile ile.

Makasi yake aliyafunga kwenye leso na hakumwazima mtu. Karak, ile chai nzito ya maziwa ya huku, aliagiza bila sukari, kwa sauti, ili tusikie ni mgonjwa wa sukari, halafu anamwomba muuzaji sukari kidogo kando, na hiyo kidogo yote inaingia. Kila mwanamke alimwita mama, hata binti wa umri wa mjukuu wake. Na yeye mwenyewe hakupigwa picha. Siku moja dereva aliinua simu kutupiga sote, Mwalimu akapiga chafya ya uongo, akainama chini ya meza mpaka ikaisha. Mtu anashinda ameshika nyuso za watu na wake hautoi. Wewe ungemwamini?

Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba Ijumaa alichana mwanamke wa matangazo, na kesho yake asubuhi anashuka dukani kumtengeneza upya. Nilikuwa napita kabla ya zamu kumchungulia. Anafuta alama za uchovu chini ya macho, anapunguza mashavu, anawafanya weupe wanaotaka weupe. Nilipomuuliza akasema, "Kule juu ni kichwa, huku chini ni tumbo," kana kwamba hilo ni jibu. Mara moja alimng'arisha dada mmoja wa Nakuru ambaye alikuwa anamtumia picha mchumba wa kwenye simu. Alipomkabidhi akamwambia, "Siku akija kukupokea uwanja wa ndege, atakupita akikutafuta." Yule dada alicheka sana, akaichukua hivyo hivyo.

Lakini mara nyingine alikuja askari mwenzetu, mlinzi wa geti, ana picha ya mkewe aliyeko Busia. Anataka apunguzwe tumbo. Mwalimu aliikataa. Alisema, "Mwambie yeye anipigie. Akisema nipunguze, nitapunguza. Wewe huna tumbo hapa." Mlinzi aliondoka akitukana, na Mhindi alimfokea Mwalimu kwa kufukuza wateja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Nikamwambia, "Na mama yangu alikupigia?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha skana kilichokuwa kisafi.

Darasani pia sikumwacha. Siku moja alikuwa anatuonyesha kwenye simu yake yule mwanamke wa meno ya kutisha, anasifu ujasiri wa mchoraji. Nikainua mkono. Nikasema, "Yule wa tangazo, mwenye kinywa chake, aliulizwa?"

"Aliulizwa nini, mama?"

"Kama anataka kukatwa. Kwanza wenye sigara wamemtengeneza wanavyotaka wao. Halafu mchoraji naye anakuja kumharibu anavyotaka yeye. Wote wawili ni wanaume wana makasi. Mimi sioni nani amemjibu nani."

Binti wa uuguzi akasema taratibu, "Ni kweli lakini." Dereva akasema wanawake siku hizi wana maneno. Mwalimu alilegeza tai yake. Ijumaa iliyofuata alianza kwa kusema swali langu limemnyima usingizi, na tangu siku ile alikuwa anaanza na wale wanawake wachoraji, wa nyumba kichwani na wa wanene wanaocheza. Wenzangu waliona amenipa heshima. Mimi niliona ananipaka mafuta nisahau nilichokuja kutafuta.

Na sikusahau. Ikafika siku ameteremka kuagiza karak, wengine hawajafika, nikavuta droo. Ndani mlikuwa na bahasha kubwa za kaki. Moja midomo. Moja macho. Moja mikono. Moja mashavu, na hiyo niliimwaga yote mezani. Mashavu matupu ya magazeti, laini yote, makumi kwa makumi. Niliyapindua moja moja natafuta kovu, na nilipoinua kichwa Mwalimu alikuwa mlangoni na vikombe.

"Umempata?" akauliza.

Kumbe alijua. Siku zote zile amenikalisha mbele, amenipa karatasi na gundi, na anajua nimekuja kufanya nini.

"Sina, mama," akasema. "Ningekuwa naye ningekuletea mimi mwenyewe. Niliona kovu nikaona nipo kazini. Sikuona mtu." Akaweka karak yangu kando ya yale mashavu.

Nilikasirika kuliko siku ya kwanza. Maneno mazuri ni rahisi kwa mtu wa kusafisha. Nilimwambia simwamini, nikamwambia nitaendelea kuja mpaka niamini, naye akasema mlango uko wazi. Nikaendelea. Sanyu alinicheka, akasema nimeshakuwa msanii na sijui. Msanii wapi. Ingawa kazini nilianza kumwangalia yule wa bango kwa namna nyingine. Nilikuwa namtafuta shavuni mahali walipopita na brashi, nikijiuliza walifuta nini, na kama kuna mtu nyumbani kwao alikuwa anakisugua akilala.

Studio ilifungwa bila taarifa. Mhindi aliuza, mahali pale sasa wanauza vifuniko vya simu, na chumba cha juu wanalala watu. Kuta wamezipaka rangi. Mwalimu alipotea, na mimi nikasema, si nilisema? Ameondoka na mama.

Nilimwona tena Al Wakrah, Ijumaa moja alasiri, kwenye ile njia ya kando ya bahari ambako familia hutembea na watoto kwenye skuta. Nilikuwa na Sanyu, alikuwa ameenda kununua mahindi. Mzee amekaa kwenye benchi amevaa tai, ana karak, uso ameuelekeza mahali ambapo hakuna kitu. Nikasimama mbele yake kabisa. Hakunitambua mpaka niliposema, "Mwalimu, nisafishie."

Alicheka mpaka akaimwagia suruali karak. "Mpelelezi," akasema. Macho yalikuwa yameingia ukungu, yote mawili. Kazi imekwisha, tiketi ameshapata, anaondoka wiki hiyo. Aliniagizia karak kwa muuzaji aliyekuwa karibu, nikakaa nimemgeukia, na sikuzungusha maneno. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho kama ana kopi ya mama.

"Sina," akasema. "Unatembea naye?"

Nilikuwa natembea naye. Ile picha sikuweza kuiweka ukutani na sikuweza kuitupa, ilikuwa inakaa kwenye mkoba pamoja na kitambulisho. Nikaitoa. Mwalimu akaweka karak chini, akatoa mfukoni penseli yake nyeusi laini, ile inayoshika kwenye karatasi ya picha.

"Nimrudishie," akasema. "Macho hayapo, lakini mkono unajua kazi. Niambie tu lilikuwa wapi."

"Shavu la kushoto."

"Kushoto kwake au kushoto kwako ukimtazama?"

Niliitazama picha. Shavu laini huku, shavu laini kule. Kila siku nimekuwa nikiwatazama hawa wawili, huyu wa mkobani na yule wa bango, na sasa sikujua. Mimi niliyelala juu ya lile kovu miaka yote ile sikujua lilikuwa upande gani. Mwizi wangu amekaa mbele yangu na penseli, na kile kilichoibiwa siwezi kukieleza. Niliogopa kuliko siku nilipopigiwa simu kwamba mama hayupo.

"Funga macho," akasema Mwalimu. "Usimkumbuke. Lala tu."

Sikutaka kutii, nikayafunga. Nikasikia skuta za watoto, nikasikia Sanyu mbali anabishana bei. Kisha mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe, kidole gumba kikatangulia, ukaenda mbele mpaka ukagusa ngozi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimemshika Mwalimu shavu lake la kushoto. Mahali pale watu hawashikani hovyo, na ningekuwa zamu ningemwandikia mtu ripoti. Yeye hakusogea hata kidogo. Ndevu zake zilikuwa zimeota, zinachoma.

"Basi ni kushoto kwake," akasema.

Akaielekeza penseli kwenye picha, nikaona ncha inacheza. Nikamwambia, "Nipe." Nilikuwa bado simwamini. Nikaiweka picha juu ya mkoba, nikachora mwenyewe, polepole, kutoka chini ya jicho mpaka karibu na mdomo. Mstari ulitoka mnene kuliko kovu lenyewe, na katikati uliteleza. Mwalimu aliiinua picha mpaka puani, akaigeuza kwenye mwanga, akaiangalia sana.

"Umemchafua," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemchafua."

Mama alikuwa ananitazama kwa lile jicho la kuuliza nimechelewa wapi. Nililia hapo hapo, kwa mara ya kwanza tangu azikwe, mbele ya familia za watu, na Mwalimu akanishikia karak mpaka nikamaliza.